Nimeachishwa kazi, malipo ya mwisho hutoka lini? Na hii karatasi nisaini?

MtunzaStoo:
Wakuu, habari zenu. Nimepewa barua ya kuachishwa kazi. Funguo nimekabidhi, stoo imehesabiwa mbele yangu, hakuna upungufu. Nadai siku nilizofanya kazi mwezi huu, likizo ambayo sikuchukua na malipo ya notisi. HR anasema hela itatoka mishahara ya wenzangu ikitoka, ila kwanza nisaini karatasi kwamba nimelipwa stahiki zangu zote na sina madai. Sehemu ya kiasi imeachwa wazi. Nifanyeje? Nina watoto wanaosubiri ada.

Mama Neema:
Pole sana mdogo wangu. Usisaini! Ukishatia sahihi pale penye wazi, kesho watajaza wanachotaka. Piga picha karatasi hiyo na barua yako, uhifadhi.

Wakili wa Mtaani:
Upo nchi gani? Hakuna jibu moja. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema hata aliyefukuzwa papo hapo kwa kosa alipwe anachodai hadi siku ile, tena siku hiyo hiyo ya kufukuzwa. California ukifukuzwa unalipwa hapo hapo, na mwajiri akichelewesha kwa makusudi anadaiwa mshahara wa kila siku inayopita, mwisho siku 30. Texas wana siku 6.

MtunzaStoo:
Tanzania, mkuu.

Wakili wa Mtaani:
Basi soma kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ajira inapokoma, mwajiri anatakiwa kulipa mshahara wa kazi uliyofanya, likizo uliyobakiza na notisi kama hukuitumikia. Sioni mahali palipoandikwa usubiri mishahara ya wenzako. Kama umefikisha mwaka, uliza pia kiinua mgongo: angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Na cheti cha utumishi ni haki yako, kidai.

Juma K:
Mimi niliwaandikia barua, nikataja kila dai kwa mstari wake, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo wanayasahau. Siku ya kusaini, niliandika kwa mkono wangu kiasi nilichopokea na kwamba madai mengine yako pale pale.

Wakili wa Mtaani:
Sawa kabisa. Ila usikae ukisubiri ahadi, ndugu yangu, hapa ndipo wengi wanapoumia. Kupinga kuachishwa kwenyewe, unapeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Madai mengine kama haya ya malipo, siku 60. Barua yako ya kuachishwa ina tarehe gani?

MtunzaStoo:
Ya Jumatatu iliyopita. Barua ya madai naandika leo, kesho naipeleka mwenyewe.