Kibali cha nyumba ya kuishi: kaunti haikatai, haikubali, inakula siku tu

Jamani, imenifika kooni. Mimi sijengi ghorofa wala godauni. Ni nyumba ya chini tu, vyumba vitatu vya kulala, jiko na veranda, kwenye ploti yenye hatimiliki isiyo na kesi wala mkopo. Ramani imechorwa na msanifu aliyesajiliwa, hesabu za vyuma na zege zimetiwa sahihi na mhandisi mwenye leseni. Rates, ile kodi ya ardhi ya kaunti, nimelipa. Ada ya kukagua ramani nimelipa kabla mtu yeyote hajaitazama, kwa sababu mfumo wao wa mtandaoni haukusogezi hatua moja bila pesa. Na pesa wanajua kupokea! Risiti iliingia kwenye simu papo hapo. Ni baada ya hapo mfumo ukawa bubu.

Sheria ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 58, inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ihesabiwe kwamba ameruhusiwa. Nilipokisoma nilifurahi kama mjinga. Sikujua watu wa ofisi wamekisoma kabla yangu na chenga yake wanayo tayari.

Chenga yenyewe ni hii: faili linalala, na siku zikikaribia kuisha linatupiwa swali. La kwanza lilisema ukurasa wa tatu wa ramani hauna mshale wa kaskazini. Mshale uko ukurasa wa kwanza, mkubwa, hata mtoto angeuona. Sawa, tukauongeza. Likaja la pili kutoka kwa afisa wa afya ya umma, anataka umbali kati ya shimo la maji taka na mpaka wa ploti uandikwe kwa namba, wakati mchoro una vipimo. Tukaandika. Wakakaa tena. Halafu wakaja na hili lililonichemsha: searchi ya ardhi (karatasi ya msajili inayoonyesha mwenye ploti) niliyoambatanisha ni ya zamani, nilete mpya. Ilikuwa mpya nilipoileta! Imezeekea mezani kwao. Na mwaka ulipogeuka, cheti cha rates nacho kikawa cha mwaka uliopita, rudi foleni. Kwa nini hawa maafisa wa mipango, uhandisi na afya wasikae siku moja wakatoa maoni yao yote pamoja? Kila mmoja anangoja mwenzake amalize ndipo akumbuke la kwake, na kila swali kwao ni hesabu kuanza upya.

Mtu ataniambia kata rufaa. Rufaa ipo, sheria inampa aliyekataliwa siku 14 kwenda kwa kamati ya rufaa za mipango, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini rufaa inakatwa dhidi ya uamuzi. Mimi nina uamuzi gani? Nina neno moja kwenye skrini: "Inashughulikiwa." Karani nilipomuuliza hiyo kamati inakutana wapi, naye akaniuliza, "Kamati gani?"

Nikaenda ofisini mwenyewe. Kijana wa dirishani akafungua kompyuta, akaigeuza kidogo nisione, akasema liko kwa mkubwa. Mkubwa yuko semina. Mkubwa wa kaunti yetu sijui anasomea nini, haziishi hizo semina. Nikiwa nashuka ngazi jamaa mmoja asiye na beji akanisimamisha, akanitajia namba ya faili langu bila kutazama popote. "Mzee, hii ukiniachia mimi, Ijumaa unachukua." Nikamuuliza kwenye risiti wataandika nini. Akacheka, akaenda zake.

Wakati huohuo ploti inayotazamana na yangu imeshamwagwa slabu ya pili. Hakuna ubao wa mradi getini, hakuna jina la mhandisi. Pikapu ya kaunti husimama pale, maneno mawili matatu, inaondoka. Mimi nilishusha lori moja la mawe, mawe tu, sijachimba hata msingi, na askari wao wakafika kabla vumbi halijatulia. "Leta kibali, la sivyo tunapiga X," yaani ile alama ya kubomolewa. Wananidai karatasi ambayo kaunti hiyohiyo imeikalia!

Na wakinishika, kifungu cha 57 kinasema faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miezi miwili, au vyote. Afisa aliyelalia faili je? Nimeipekua sheria hiyo, sijaona mahali anapoguswa. Mkandarasi wangu naye hawezi kuanza, maana Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inataka ramani zenye muhuri wa kaunti ndipo isajili mradi. Fundi wameshachukua kazi kwingine, na bei ya saruji haimngoji mtu.

Msinijibu kwamba ukaguzi ni wa usalama wetu. Najua. Aprili 2016 ghorofa la mtaa wa Huruma, Nairobi, liliporomoka likaua watu zaidi ya 40, na mimi nataka nyumba yangu ikaguliwe. Nataka mhandisi wa kaunti aje aone msingi kabla ya zege kumwagwa. Lakini hakuna aliyekanyaga ploti yangu kukagua chochote, isipokuwa hao wa X.

Wiki hii napeleka barua kwa waziri wa ardhi wa kaunti, nakala nigongewe muhuri wa kupokelewa, nikiorodhesha kila tarehe waliyokaa kimya. Ninachouliza: kuna yeyote hapa aliyeanza kujenga kwa kutegemea hizo siku 60 na asibomolewe? Alikuwa na karatasi zipi mkononi askari walipofika? Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia nitafute mtu wa ndani.