Sarafu za mapambo kwa kikundi cha ngoma: brasi, alumini, udongo au resini?

Ngoma_Mwanjelwa

Wakuu salaam. Kikundi chetu kipo Mbeya mjini, na kiangazi hiki tunapeleka Tukuyu igizo la ngoma tulilolitunga wenyewe: joka linaishi chini ya maji ya Ziwa Ngosi na linalinda hazina ya sarafu, mpaka binti wa kijijini alipoliimbia likalegea. Igizo limekaa vizuri. Kinachotusumbua ni sarafu zenyewe.

Tunazihitaji kwa kazi tatu. Kwanza mikanda ya kiunoni ya wachezaji wanane, kila mkanda sarafu 60, na lazima zilie mtu akitikisa nyonga. Pili, sanduku la hazina ambalo joka linalimwaga jukwaani. Tatu, zile za kuwapa watoto igizo likiisha. Kipenyo tumekubaliana milimita 38 ili hata aliyekaa nyuma uwanjani azione. Upande mmoja joka limejiviringisha linauma mkia wake, upande wa pili kreta ya Ngosi, yaani shimo la volkano, na maji yake.

Nimeuliza mitaani nikapata majibu manne: kuyeyusha brasi (shaba ya njano) na kuimwaga kwenye kalibu, yaani umbo, la mchanga, kumwaga alumini, kufinyanga udongo, au resini ya wale wanaotengeneza bampa za magari. Plastiki za dukani sizitaki kabisa. Zinametameta, lakini kila kikundi kinazo na hazisemi lolote kuhusu huku kwetu. Aliyewahi kushika kazi ya namna hii anisaidie kulinganisha.

Fundi_Kalibu

Mkuu, mimi namwaga sufuria na vipuri, hivyo nitasema ninachokijua. Kwa kalibu ya mchanga, alumini ndiyo rahisi. Inayeyuka kwenye nyuzi 660, jiko la mkaa lenye feni linatosha, na skrepa yake iko kila kona. Brasi inataka nyuzi 900 na ushee, na ikipata joto sana zinki iliyomo inatoka kama moshi mweupe. Ukiuvuta moshi huo, usiku unatetemeka kwa homa. Ukiamua brasi, yeyusha nje penye upepo na simama upande upepo unakotokea.

Siri ya sarafu nzuri ni mchanga. Uwe laini, uliochekechwa kwa chekecheo la unga, wenye udongo mfinyanzi kidogo ndani yake na unyevu wa kiasi. Kamata konzi moja, ubane, kisha fungua kiganja: ukibaki na alama za vidole vyako, na ukiuvunja katikati ukakatika bila kumomonyoka, uko tayari. Ukiacha maji kwenye ngozi ya mkono umezidi, na hapo usimwage kitu. Chuma cha moto kikikuta maji, yanageuka mvuke papo hapo na kukurushia uji wa moto usoni. Kabla ya kubonyeza kielelezo, yaani sarafu ya mfano, kipake poda ya mtoto kisishike mchanga.

Kielelezo chonga kwa mninga, au kwa kipande cha sabuni kama mkono wako si wa mbao. Jambo moja ulijue: sarafu ya milimita 2 kwenye mchanga mara nyingi haijai, alumini inaganda kabla ya kufika ukingoni. Panga milimita 3.

MamaMavazi_Kihesa

Wanangu, hamjambo? Mimi nashonea vikundi vya ngoma hapa Iringa na nina neno kuhusu huo mkanda, maana anayeuvaa ndiye anayecheza nusu saa nzima.

Nimepiga hesabu. Sarafu ya milimita 38 yenye unene wa milimita 3 ikiwa ya brasi inafika karibu gramu 29. Zidisha kwa 60 unapata kilo moja na robo tatu kiunoni, na uzito huo haukai, unarushwa kila hatua. Mkanda utashuka, binti ataupandisha katikati ya ngoma, na watu wote watamwona. Ya alumini kwa unene huohuo ni gramu 9 hivi, mkanda mzima kama nusu kilo na kidogo. Hiyo inavalika.

Sasa sauti. Alumini iliyomwagwa inalia, lakini mlio wake ni mfupi, hauna mkia. Kwenye uwanja wenye ngoma tatu hautasikika. Hapo ndipo mimi hukwama na wateja wangu: chenye sauti ni kizito, chepesi ni kibubu.

Na tafadhali msizishone kwa uzi moja kwa moja. Tundu la chuma linakata uzi kama wembe. Wekeni pete ndogo ya waya kwenye kila tundu, pete ndiyo ishonwe kwenye kitambaa. Zining'inie kwa juu tu, na kila safu ifunike nusu ya safu iliyo chini yake, zigongane. Kingo zipigwe tupa na msasa mpaka mpitishe kidole bila kusikia kitu. Nyuma ya mkanda wekeni bitana nene, brasi ikikutana na jasho inaacha kijani kwenye nguo.

Kijana_Tukuyu

Shikamoo mama. Mbona hakuna aliyetaja vizibo vya soda? Tunavipondaponda, tunatoboa, vinalia vizuri sana na havina gharama. Njuga nyingi za mashuleni ndivyo zilivyo.

MamaMavazi_Kihesa

Marahaba mwanangu. Vizibo vinalia kweli, na kwa mazoezi nawashauri mvitumie, wachezaji wazoee kutikisa mkanda kabla sarafu hazijawa tayari. Ila picha ya joka haikai juu ya kizibo, na Tukuyu unaijua wewe kwa mvua. Vitashika kutu kabla ya onyesho la pili.

Fundi_Lethi

Nimesoma yote, na naona mnabishania madini wakati jibu liko kwenye unene. Mama amesema chenye sauti ni kizito. Ni kweli kwa vitu vya kumwaga. Kwa bati la brasi si kweli.

Chukua bati la brasi la nusu milimita. Sarafu ya 38 inatoka chini ya gramu 5, yaani mkanda wa 60 haufiki gramu 300. Ni mwepesi kuliko ule wa alumini ya kumwaga! Na unalia zaidi, kwa sababu bati lililobonyezwa baridi na kugongwa kidogo linakuwa gumu, na ugumu huo ndio unaoleta mlio mrefu.

Bati utalipata wapi? Rejeta za magari ya zamani. Tanki la juu na la chini la rejeta ya brasi ni bati safi, chini ya milimita moja. Waulizeni wauza skrepa, wanazitenga kwa sababu bei yake ni nzuri. Kata mbali na pale palipoungwa kwa risasi, yale madini laini ya kulehemu, kwani risasi ni sumu na hatutaki iingie motoni wala kwenye mikono ya mtoto.

Namna ya kufanya: dai, yaani muhuri wa chuma, unachongwa kwenye kipande cha ekseli ya gari. Kitie kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, kizike kwenye majivu kipoe polepole hadi kesho yake, hapo kitakubali patasi. Chonga picha ikiwa imezama na imegeuzwa. Ukimaliza, kirudishe motoni mpaka sumaku isikishike tena, kizamishe kwenye oili. Kisha kipashe moto kidogo hadi uso uliosafishwa uwe na rangi ya njano ya majani makavu, la sivyo kitapasuka kwenye presi.

Bati nalo lilainishwe kwanza: lipashe kivulini ili uone wekundu hafifu, liache lipoe. Weka bati juu ya dai, juu yake kipande cha mpira wa tairi, na ubonyeze kwa presi ya jeki ya tani 20 kama zile za gereji za kutolea bering'i. Mpira unalisukuma bati liingie kila mfereji wa magamba. Baada ya hapo usilipashe moto tena. Ukilipasha, mlio wote umekufa.

Kupiga sarafu nene ya 38 yenye picha pande zote mbili sahau, hiyo inataka presi yenye nguvu kuliko hiyo ya jeki mara kadhaa. Kwa bati, picha ya mbele inatokeza nyuma ikiwa imezama. Kama unataka kreta upande wa pili, bonyeza bati mbili na uzipinde kingo pamoja, lakini hizo zitakuwa kimya. Kwa mkanda, upande mmoja unatosha.

Sarafu_za_Kale

Hapa Fundi Lethi kanigusa. Mwaka 1916 Wajerumani walipozingirwa na kukosa fedha kutoka kwao, walipiga sarafu palepale Tabora, kwenye karakana ya reli. Ya dhahabu ya rupia 15 ina tembo na mlima nyuma yake, na zile za hela zilipigwa kwa brasi, nyingine kwa shaba nyekundu. Nchi hii ina historia ya kupiga sarafu kwenye karakana ya kawaida, na tembo yule mpaka leo anatafutwa na wakusanyaji dunia nzima. Joka la Ngosi lichongwe kwa heshima hiyohiyo.

La pili ni sheria. Kutoa sarafu ni kazi ya Benki Kuu peke yake na kuiga fedha ni kosa la jinai. Ninyi mko salama mkikaa mbali: 38 ni kubwa kuliko sarafu yetu yoyote ya mzunguko, hata ile ya 500 iliyoanza 2014. Msiandike shilingi, msiweke tarakimu ya thamani, wala nembo ya taifa, wala sura ya kiongozi. Tundu la kuning'inizia pia linaonyesha wazi kwamba ni pambo.

Mfinyanzi_Matema

Za watoto niachieni mimi. Huku kwetu kina mama wa Kikisi wamefinyanga vyungu vizazi na vizazi, na udongo wetu unashika picha vizuri sana ukibonyezwa kwenye kibao kilichochongwa. Tengenezeni kibao cha milimita 42, kwa sababu udongo ukikauka na kuchomwa unapungua kama sehemu moja ya kumi, inategemea ulikochimbwa. Unene milimita 6. Zikauke kivulini zikigeuzwageuzwa, zikiwekwa juani zinapinda. Kabla hazijakauka kabisa unasugua uso kwa kokoto laini mpaka ung'ae, ndipo zichomwe.

Msizirushe. Mpeni kila mtoto mkononi. Ya chuma akiipata ataiuza skrepa, ya udongo ataitoboa aivae.

Ngoma_Mwanjelwa

Nashukuru sana wakuu, mama shikamoo. Nimeelewa hivi: mikanda tunakwenda na bati la rejeta, za watoto tunazifuata Matema. Sanduku je? Nafikiria resini kwa sababu ni nyingi na hazitavaliwa.

Fundi_Kalibu

Resini acha. Ina harufu kali wakati wa kukoroga, na sanduku likimwagwa italia kama vifungo vya koti. Sanduku ndilo mahali pa alumini yangu: milimita 3, nzito kiasi mkononi, na hapa picha inakaa pande zote mbili, joka na kreta. Huhitaji kulijaza. Weka ubao wa uongo ndani, karibu na juu, sarafu 150 zinatosha kufurika. Na kipande cha bati kipigiliwe sakafuni zinapodondokea. Hapo ukumbi wote utageuka.

MamaMavazi_Kihesa

Alumini nyeupe na mikanda ya njano havitaonekana hazina moja, mwanangu.

Fundi_Kalibu

Kweli mama. Zipakwe kiwi ya viatu ya kahawia, iingie kwenye mifereji, kisha juu zifutwe kwa kitambaa. Zitaonekana zimelala majini miaka mingi. Na za brasi zifanyiwe hivyohivyo ili zifanane. Ila kiwi ikae usiku mzima kabla hazijaguswa na nguo.

Ngoma_Mwanjelwa

Fundi Lethi, nikuletee nini ili uanze?

Fundi_Lethi

Mchoro wa joka kwenye karatasi, ukubwa halisi, mistari isiwe myembamba kuliko milimita moja, maana mpira hausukumi bati kwenye ufa. Magamba machache makubwa yataonekana mbali kuliko madogo mengi. Mchore kama atakavyoonekana kwenye sarafu, kumgeuza niachie mimi. Na acha nafasi tupu juu ya kichwa chake, milimita 5, tundu lipite hapo bila kumtoboa jicho.