Mjadala: Algeria na Morocco wafungue mpaka sasa, au wangoje Sahara Magharibi imalizwe?

Mpaka wa nchi kavu kati ya Algeria na Morocco umefungwa tangu Agosti 1994. Kila hoja ya kuufungua inapoletwa, jibu ni lilelile: haiwezekani hadi suala la Sahara Magharibi liishe. Mimi napinga. Nitaeleza kwa nini, kisha uwanja ni wenu.

Fuateni miaka. Morocco iliingia Sahara Magharibi, koloni la Hispania, mwaka 1975 Hispania ilipokuwa inafungasha virago. Algeria ikasimama na Polisario, chama cha Wasahrawi, wenyeji wa huko, kinachopigania uhuru, na 1976 uhusiano wa kibalozi ukavunjika. Lakini mwaka 1988 uhusiano ulirudishwa na mpaka ukafunguliwa, huku vita vya jangwani vikiendelea, maana vilisimama 1991. Februari 1989 wakuu wa nchi tano wakakutana Marrakech na kuunda Umoja wa Maghreb, yaani wa nchi za kaskazini-magharibi mwa Afrika. Yote hayo Sahara ikiwa haijamalizwa!

Na kilichofunga mpaka 1994 hakikuwa Sahara. Wageni waliuawa kwa risasi katika hoteli ya Atlas Asni, Marrakech. Morocco ikaishuku idara ya usalama ya Algeria na kuwawekea Waalgeria viza, Algeria nayo ikajibu kwa kufunga mpaka. Viza zilishafutwa, Morocco mwaka 2004 na Algeria 2005. Mpaka haukufunguliwa.

Sasa tuangalie nani anaumia. Machi 2021 wakulima wa Figuig, upande wa Morocco, waliamriwa na Algeria watoke kwenye mashamba ya mitende ya El Arja, ambayo familia zao zilikuwa zikiyalima kwa vizazi. Mitende waliyoipanda na kuimwagilia wakaiacha hapo. Karibu na Saïdia kuna mahali barabara mbili zinakwenda sambamba, kila nchi na yake, katikati bonde la mto. Watu husimamisha magari, wakapungiana mikono na kuitana kwa sauti. Mtu wa Oujda mwenye dada Maghnia, mwendo usiofika saa moja kwa gari, lazima apande ndege na kuzungukia Tunis au Ulaya. Wanaofanya uamuzi huu hawana shamba El Arja.

Agosti 2021 Algeria ilivunja tena uhusiano, na mwezi uliofuata ikafunga anga yake kwa ndege za Morocco. Oktoba 31 ikasimamisha gesi katika bomba lililokuwa likipita Morocco kwenda Hispania tangu 1996. Matokeo yake, tangu Juni 2022 Morocco inapokea gesi kutoka Hispania kwa bomba hilohilo, ikisukumwa kinyumenyume. Jirani wa nchi yenye gesi anahudumiwa na Ulaya, na biashara kati ya nchi za Maghreb zenyewe haifiki asilimia 5 ya biashara yao yote.

Wapo watakaosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, tuwaache. Tuwaache vipi, wakati ugomvi wenyewe umo ndani ya nyumba yetu? Morocco iliuhama umoja wa Afrika mwaka 1984 kwa sababu ya Wasahrawi, ikarudi 2017. Tanzania inaitambua Jamhuri ya Wasahrawi, iliyotangazwa na Polisario, tangu 1978. Februari 2025 kule Addis Ababa, siku ileile Raila Odinga aliposhindwa uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Mwalgeria na Mmorocco walichuana kuwania unaibu mwenyekiti, akashinda Mwalgeria. Na mashabiki wa Simba mnaijua RS Berkane, iliyowanyima Kombe la Shirikisho 2025. Mwaka mmoja kabla, jezi za Berkane zilizuiwa Algiers kwa sababu ya ramani ya Morocco iliyochorwa kifuani, Sahara Magharibi ikiwa ndani yake, na nusu fainali ile haikuchezwa. CAF ikawapa ushindi wa mezani.

Algeria ina malalamiko ya kweli, siyafichi. Desemba 2020 Morocco ilirudisha uhusiano na Israel, na Trump akaitambua Sahara Magharibi kuwa ya Morocco. Julai 2021 balozi wa Morocco katika Umoja wa Mataifa akazungumzia haki ya watu wa Kabylia kujiamulia mambo yao, ndani ya Algeria! Serikali yoyote ingekasirika.

Na Wasahrawi? Waliahidiwa kura ya maoni ya kuamua hatima yao mwaka 1991 na hadi leo hawajapiga. Watoto waliozaliwa katika kambi za wakimbizi za Tindouf, Algeria, sasa wana wajukuu. Naamini wanastahili kura hiyo. Lakini Msahrawi anapata nini mkulima wa Figuig anapozuiwa kufika kwenye mitende yake? Miaka zaidi ya 30 ya mpaka kufungwa haijamsogeza hata hatua moja karibu na sanduku la kura.

Kwa hiyo nawauliza mnaopinga, na naomba mjibu kwa hoja: kilichowezekana 1988, vita vikiwa bado vinapiganwa, kinazuiwa na nini leo? Na Umoja wa Afrika, ambao nchi zote mbili ni wanachama, una sababu gani ya kutoanza na mpaka na anga, ukauacha mzigo wa Sahara kwenye meza yake?