Logi ya GB 3.8 kwenye seva, naisomaje bila kuangusha mfumo tena? Msaada wakuu

fundi_wa_jioni:
Habari zenu wakuu, naenda moja kwa moja kwenye mada. Nina kimfumo cha mauzo nilimtengenezea shemeji yangu ana duka la jumla, PHP na MySQL, kipo kwenye seva ya kukodi ya bei chee, Ubuntu, RAM GB 1 tu. Tangu juzi akifungua ripoti ya mwezi anapata ukurasa mweupe peee. Nikaambiwa kaangalie logi, yaani faili ambamo mfumo unaandika makosa yake. Nikaingia kwenye seva kwa mbali kwa SSH nikakuta error.log ina GB 3.8, mi bila kuwaza nikaandika nano error.log maana nano ndo kihariri nilichokizoea. Ikakaa kimya kama dakika mbili, mara shemeji huyo kwenye simu, mfumo wote umekata na wateja wamejaa kaunta. Kumbe MySQL imezimika. Nimeiwasha imerudi ila sasa naogopa hata kulisogelea lile faili.

Usiku nikajaribu cat, hapo ndo balaa, maandishi yanashuka kama mvua ya masika, huwezi kushika hata mstari mmoja, nikaishia kufunga laptop. Na nilikuwa natumia hotspot ya simu, kucheki salio bando limeliwa vibaya mno. Nikawaza nilishushe nilifungulie kwenye laptop ila GB 3.8 kwa bando la wiki hayo si matusi? Nyie mnafanyaje?

Kijiwe cha Chini:
Futa faili, ukurasa mweupe utabaki ila logi itakuwa nyepesi 😂

bi_teminali:
Usimsikilize huyo, atakupotezea ushahidi.

Pole mkuu, kosa lako ni moja, unataka kulifungua faili lote wakati unachokihitaji ni mistari ya mwisho tu. Nano inalibeba faili zima inaliweka kwenye RAM, na kila mstari inauongezea hesabu zake, sasa GB 3.8 kwenye RAM ya GB 1 unategemea nini? RAM ikiisha kernel (kiini cha Linux) inachagua programu ya kuua, na MySQL ikiwa imejaza tumbo inakuwa ya kwanza kuonekana. Ukitaka kuhakikisha andika:

sudo dmesg -T | grep -i "killed process"

Na cat nayo ilikuwa inakutumia faili lote kupitia SSH herufi kwa herufi, ndo maana bando limekwenda. Siku nyingine ikikutokea bonyeza Ctrl+C, usifunge laptop.

Anza na hii, haimalizi RAM na inakuletea mistari 50 basi:

sudo tail -n 50 error.log

fundi_wa_jioni:
Dah, imetoka papo hapo hata sekunde haijaisha. Ila mistari yote 50 ni hii hii moja inajirudia:

PHP Warning: Undefined array key "punguzo"

Ndo inayoleta ukurasa mweupe?

mzee_wa_seva:
Hapana, hiyo ni onyo tu, programu inalalamika halafu inaendelea na safari. Ila ndo iliyokunenepeshea faili, nadhani umeiweka ndani ya loop (kodi inayojirudia) na kila bidhaa isiyo na punguzo inaandika mstari wake.

Mi huwa natumia less, sijui kwa nini watu wanaiogopa. Inasoma kipande unachokiangalia tu, GB 3.8 inafunguka kama faili la kurasa mbili. Andika `less -S error.log`, hiyo S inazuia mistari mirefu isijikunje. G kubwa inakupeleka mwisho, g ndogo mwanzo, alama ya / unatafuta neno kwenda chini, ? unatafuta kwenda juu, n inayofuata, q unatoka. Ukibonyeza G kwenye faili kubwa inaweza kukaa inahesabu mistari, we piga Ctrl+C itaacha kuhesabu na faili linabaki wazi, au ifungue na -n tangu mwanzo.

Jina lenyewe ni utani wa kizamani. Kulikuwa na more, ya 1978, enzi hizo inakushusha chini tu, ukurasa ukipita umepita. Akaja jamaa miaka ya 1983 hadi 1985 akaandika inayoweza kurudi juu, akaiita less.

Nai_Dev:
Kuongezea tu bro, tumia tail -F ukiwa unataka kuona kosa likitokea live. Mwambie shem afungue hiyo ripoti wewe ukiwa unaangalia. F kubwa, si ndogo, juu logrotate (programu ya kuzungusha logi zisijae) ikibadilisha jina la faili usiku ile ndogo inabaki imeshikilia faili la zamani na wewe unakaa hapo ukidhani kila kitu kiko sawa. Ilinichoma siku nzima hiyo.

fundi_wa_jioni:
Nimejaribu tail -F, Warning zinamwagika mpaka basi, nikabonyeza Ctrl+S nikidhani nitasevu, sasa skrini imeganda haisogei 🙆

bi_teminali:
Ctrl+Q mkuu. Ctrl+S inasimamisha teminali, haisevu kitu, wote tumepita hapo.

Sasa chuja hizo Warning. Chukua mistari laki mbili ya mwisho, ondoa zenye neno hilo, zilizobaki zipeleke less:

sudo tail -n 200000 error.log | grep -v Warning | less -S

fundi_wa_jioni:
Wakuu!! Imebaki mistari tisa tu na yote ni moja:

PHP Fatal error: Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted ... ripoti.php on line 212

mzee_wa_seva:
Hiyo 134217728 ni MB 128, kikomo cha PHP yako. Mstari wa 212 kuna nini?

fundi_wa_jioni:
Aibu mkuu. fetchAll, yaani navuta kwa mkupuo mauzo yote tangu duka linafunguliwa, halafu ndo nachuja mwezi kwa PHP. Nimehamishia tarehe kwenye WHERE ya SQL ili MySQL yenyewe ichuje, na nimeweka ?? 0 kwenye punguzo, likikosekana lihesabiwe sifuri. Ripoti imefunguka, shemeji ameshaniuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu juzi.

Kijiwe cha Chini:
Kwa hiyo sasa tunafuta?

bi_teminali:
Sasa ruksa, ila asitumie rm, nginx (programu ya seva ya wavuti) bado imelishikilia na nafasi ya diski haitarudi mpaka iwashwe upya. Aandike:

sudo truncate -s 0 error.log

Halafu aangalie /etc/logrotate.d, faili kufika GB 3.8 ina maana hakuna anayelizungusha.