Naomba ushauri: binti yangu amekataa kuku, sasa hata maziwa

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Tunaishi Kakamega. Binti yangu wa miaka saba amekataa nyama, omena, hata mayai, tangu alipoona jogoo wa nyumbani akichinjiwa wageni. Sasa imefika kwenye maziwa: "Mama, ndama naye atakunywa nini?" Sina jibu, na kusema kweli sitaki kumlazimisha. Huruma yake kwa wanyama naipenda.

Maharagwe, kunde, njugu, mrenda na ugali wa wimbi anakula bila taabu. Ninachohofia ni vitamini B12, maana mboga na nafaka hazina. Mliolea watoto hivi, mliwapa vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini? Mlimwona nani kwanza, daktari wa watoto au mtaalamu wa lishe?

Lililo gumu zaidi ni Desemba, tukienda kwa mama mkwe Mumias. Huko mgeni asiyechinjiwa kuku hajakaribishwa, na mjukuu akisukuma sahani itaonekana mimi ndiye niliyemfundisha dharau. Nimwambieje mama mapema bila kumvunjia heshima? Baba watoto anasema nimwachie yeye, lakini namjua, atanyamaza mpaka kuku afike mezani.