Ushauri: vila Rusinga usiku nne, friji ya sola inatosha?

Kijana_wa_Milimani: Wakuu, habari za jioni. Natoka Nakuru, nataka kupeleka watu wazima wanne Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, mwezi wa Desemba. Tunatafuta utulivu tu: kukaa barazani tukitazama ziwa, na siku moja kuzuru kaburi la mwanasiasa Tom Mboya kule Kamasengre. Vila iko kilimani, ina vyumba vitatu na umeme wa sola. Bei ya dalali ni pamoja na boti ya kuvuka kutoka Mbita. Je, friji ya sola hukaa baridi usiku kucha? Na jua likikosa siku mbili?

FundiSola: Usiku friji inaishi kwa betri, paneli zimelala. Friji ndogo ya kawaida hula kama yuniti moja kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200, hubeba yuniti 2.4, lakini ukiifyonza kupita nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 1.2. Ongeza taa na televisheni, alfajiri utasikia inveta ikilia kisha giza. Mwambie dalali apige picha kibandiko cha betri na akuonyeshe ziko ngapi. Zikiwa tatu za aina hiyo, siku ya mawingu mtaivuka.

BintiWaWinam: Mimi ningeanza na kalenda ya mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa omena huwasha taa ziwani, na ukiwa kilimani unaona kama mji mzima umejengwa juu ya maji. Mbalamwezi ikiwa kali wengi hawatoki. Samaki wa ngege nunueni asubuhi mitumbwi ikitia nanga: mashavu mekundu ndani, jicho limejaa, ukibonyeza nyama inarudi. Msiingie majini penye matete, konokono wa kichocho hukaa hapo. Maji ya kuoga yakivutwa kutoka ziwani, yalale kwenye tangi siku mbili kwanza. Vijidudu vya kichocho vikikosa mtu wa kuingia hufa.

Kijana_wa_Milimani: Asante dada. Lakini hiyo friji jameni. Ikizima, barafu inapatikana Mbita?

Mama_Tatu: Mwanangu, unarudi kwa friji kila ukiandika. Kuna nini ndani?

Kijana_wa_Milimani: Ni insulini. Baba ana miaka 74, anadunga asubuhi na jioni. Sikusema kwa sababu najua mtaniambia nimwache nyumbani. Mboya alipouawa Julai 1969 baba alikuwa kijana wa shule, na hajawahi kufika kaburini. Diposti ya nusu nimeshatuma, kwa hiyo kwenda tunaenda.

MuuguziWaZamu: Nenda naye, ndugu yangu. Kwa usiku nne hata friji huihitaji. Chupa iliyofunguliwa, kwa insulini nyingi, hustahimili kama wiki nne chini ya nyuzi 30. Soma karatasi ya kwenye boksi. Mchana Mbita joto linaweza kufika hapo, kwa hiyo tumia mitungi miwili ya udongo: mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, uweke kivulini penye upepo. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Hewa ikiwa nzito ya mvua ubaridi hupungua. Barafu iache: insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka usiitumie. Mimi naogopa sukari kushuka usiku. Hospitali iko mbali kiasi gani na kitanda chake?

Mama_Tatu: Na mzee mwenyewe umemuuliza kuhusu kilima? Mzazi hapangiwi kama mzigo.

Jicho_Pembeni: Mimi naona huu uzi umetungwa. Rusinga haivukwi kwa boti. Tuta lilijengwa zamani, na sasa kuna daraja. Gari linatoka Mbita mpaka kisiwani. Anayepanga safari kweli angejua.

Kijana_wa_Milimani: Sijatunga! Dalali ameandika hivi: "boti kutoka Mbita, mnashukia mlangoni, mchanga mweupe na minazi." Kichwa cha tangazo ni Rusinga.

BintiWaWinam: Mchanga mweupe na minazi? Hiyo inafanana na Takawiri, na Takawiri ni kisiwa kingine. Jicho, uongo upo kweli, lakini si wa huyu kijana.

MuuguziWaZamu: Basi friji ndiyo shida ndogo. Ziwa hutulia asubuhi, mchana upepo unainua mawimbi. Mzee akianza kutetemeka na kutoka jasho saa nane za usiku, mtamvusha na nani? Akiweza kumeza, glukosi vijiko vitatu vya chai kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, na hapo ndipo mtahitaji gari na barabara. Laleni upande wa daraja. Takawiri iwe matembezi: mtoke alfajiri, mrudi kabla ya saa sita, kila mtu na jaketi la kuelea.

Kijana_wa_Milimani: Nyumba ilikuwa nzuri wakuu, na pesa zimeshatoka. Ngoja nimpigie.

Kijana_wa_Milimani: Nimempigia. Anasema "ni Rusinga, ila ng'ambo ya maji."

Jicho_Pembeni: Niwie radhi, ndugu. Mwandikie leo hii kwa ujumbe, si kwa simu: akutumie ramani ya mahali halisi, na ahamishe diposti kwa nyumba inayofikika kwa gari. Hifadhi lile tangazo kabla hajalifuta.

Kijana_wa_Milimani: Nimelipiga picha. Mwenye kujua nyumba isiyo na ngazi karibu na barabara ya Kamasengre, anitajie.