Vibarua wanakoswakoswa na hakuna anayesema: nianzeje kukusanya taarifa za nusura ajali ghalani?

Msimamizi wa Zamu

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Dar, nasimamia zamu kwenye ghala la kiwanda cha unga. Tunapokea ngano, tunatoa unga na pumba. Foklifti, yale magari ya kunyanyulia mizigo, zipo mbili, lakini kazi kubwa ya kupakia wanafanya vibarua wanaolipwa kwa gunia. Hivi karibuni nimeteuliwa pia kuwa mwakilishi wa usalama. Nikapelekwa semina, nikarudi na cheti pamoja na fomu za kuripoti nusura ajali, yaani matukio yaliyokaribia kuumiza mtu. Mpaka leo fomu ziko mezani kwangu, hakuna hata moja iliyojazwa.

Na si kwamba mambo hayatokei. Juzi lundo la pumba liliporomoka mchana watu wakiwa wameenda kula. Nikainama kuangalia chini yake, nikakuta chaga moja, lile jukwaa la mbao la kupangia magunia, mguu wake ulishavunjika zamani, mtu akaegemeza kwa matofali mawili, magunia yakapangwa juu yake mpaka karibu na taa. Pale yalipoangukia ndipo vijana hukaa kusubiri lori. Kila mtu akasema Mungu mkubwa, pumba zikazolewa, na jioni lundo lilikuwa limepangwa upya vilevile. Nikauliza nani aliweka matofali: kimya. Nikauliza nani aliyaona kabla: kimya zaidi, na njia ile wanapita wote.

Nadhani sababu nazijua. Mwaka jana kijana mmoja alisema breki za foklifti zinachelewa kushika, akaishia kupewa barua ya onyo kwamba kwa nini aliendesha chombo kibovu. Watu hawajasahau. Halafu getini pana ubao wa siku zilizopita bila ajali, na zikifika idadi fulani zamu nzima inapewa unga na mafuta ya kula. Kwa hiyo mtu akikatwa kidole anafunga kitambaa, anaenda kununua dawa kwa hela yake ili asiwaharibie wenzake.

Nianzie wapi? Fomu ziwe na jina au zisiwe na jina? Na huo ubao nimwambieje meneja, maana aliuanzisha yeye na anaupenda sana?

Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Kombora

Mkuu, fomu ziweke pembeni kwanza. Mtu aliyebeba magunia tangu asubuhi hatakaa chini kujaza kurasa mbili. Andika wewe. Asubuhi kabla ya zamu simama nao dakika tano, uliza swali moja tu: jana nini kilitaka kutuumiza? Atakayejibu, andika alichosema kwenye daftari mbele yake, usimhoji.

Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokwama, hakikisha kitu kimoja kati ya hivyo kimerekebishwa siku hiyohiyo na wakione. Mfano hizo chaga. Pita ghala zima, kila chaga iliyovunjika itoe nje uikate kwa msumeno. Usiiweke nyuma ya ghala ukidhani utaitengeneza baadaye, maana usiku lori likija na chaga hazitoshi, itarudi ndani. Watu wakiona zimekatwa watajua ulisikia.

Na acha kabisa kuuliza "nani aliweka matofali". Yule hakuwa mjinga, alikuwa na lundo la kupanga na hakuwa na chaga nzima. Uliza chaga nzima zilikuwa wapi. Nina uhakika utakuta zinaondoka na malori ya wateja na hazirudi.

Mlezi wa Familia

Kaka mimi nitakupa ushauri ambao hutaupenda. Ajira ngumu. Meneja anayependa ubao wake, ukimpelekea daftari limejaa matukio atasema tangu umeteuliwa ghala limeharibika. Nenda taratibu, una watoto.

Msimamizi wa Zamu

@Fundi wa Kombora umesema kweli, chaga zinaondoka na malori na hakuna anayezihesabu getini. Sikuwa nimeliunganisha na lundo kuanguka.

@Mlezi wa Familia hofu yako ninayo pia, ndiyo maana niko hapa.

Mama Wodi

Mimi ni muuguzi, naomba nichangie kutoka upande wetu. Wodini kuna kloridi ya potasiamu kali, ambayo ikidungwa moja kwa moja kwenye mshipa bila kuchanganywa inasimamisha moyo. Vichupa vyake vinaweza kufanana sana na vya maji ya kuchanganyia dawa. Kwetu dada mmoja wa zamu ya usiku alishika kichupa cha potasiamu, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akasoma lebo mara ya pili kabla hajamfikia mgonjwa. Angeweza kuitupa na kunyamaza, hakuna aliyemwona. Asubuhi akasema kwenye makabidhiano ya zamu mbele yetu sote.

Muuguzi mkuu hakumuuliza kwa nini hakuwa makini. Alimwomba amwonyeshe kabati, wakakuta vichupa hivyo viwili vimewekwa rafu moja, kimoja kando ya kingine, kwenye kona ambayo taa imeungua. Kabla ya saa sita mchana potasiamu ikawa imehamishiwa kabati la kufuli na taa imebadilishwa. Tangu hapo watu wakaanza kusema. Wangemwandikia onyo, yule dada angekuwa wa mwisho kufungua mdomo wodi ile.

Mhandisi wa Mabawa

Hilo alilosema Mama Wodi ndilo usafiri wa anga ulijifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege namba 514 ya TWA, shirika la ndege la Marekani, ikielekea uwanja wa Dulles karibu na Washington iligonga mlima Virginia, wakafa wote 92. Uchunguzi ukaonyesha kwamba kama wiki sita kabla, marubani wa United, shirika jingine la ndege, waliielewa vibaya ruhusa ya kushuka kwa namna ileile, wakakoswakoswa na mlima uleule. Waliripoti, na kampuni yao ikawatahadharisha marubani wake. Wa TWA hawakupata habari.

Mwaka 1976 Marekani ikaanzisha mfumo wa taarifa za usalama wa anga. Zingatieni wanaopokea hizo taarifa: ni NASA, shirika la anga za juu, si mamlaka yenye uwezo wa kumnyang'anya rubani leseni. Majina yanaondolewa. Rubani akiripoti ndani ya siku 10 kosa ambalo hakulikusudia, na si jinai wala ajali kamili, anaweza kusamehewa adhabu. Rubani anayejua hatanyongwa kwa kusema, anasema.

Kwa hiyo ndugu msimamizi, swali lako la jina au bila jina mimi ningeligeuza: daftari linakwenda kwa nani? Kama linasomwa na yuleyule anayeandika barua za onyo, hata usipoweka jina watu watajua mwandiko. Pili, kilichotokea zamu yako zamu ya usiku wakijue usiku huohuo.

Mkono wa Gunia

Mimi ni kibarua, si ghala lako lakini ni kama hilo. Niseme ukweli kwa niaba ya wenzangu. Tunaviona vyote. Tunajua lundo gani limeinama, tunajua dereva yupi wa foklifti anakimbia kwenye kona, tunajua ubao gani wa kupandia lori umepasuka. Tunaambizana wenyewe, "kaa mbali na ule upande". Ofisini hatusemi kwa sababu ofisini hatuna majina. Hakuna atakayekufukuza kwa barua, asubuhi unaambiwa tu leo watu wametosha. Na nikisimama nusu saa kueleza, lori linapakiwa na wengine na gunia zangu zimekwenda.

Ukitaka tuseme, pitia kwa mnyapara wetu, yeye tunamwambia. Na ile dakika tano ya asubuhi ifanywe kabla lori halijafunguliwa, wote tukiwa sawa, asiwepo anayepoteza.

Msimamizi wa Zamu

@Mkono wa Gunia ahsante sana ndugu yangu. Hili la kulipwa kwa gunia sikulisikia kabisa semina. Mnyapara wetu ni mtu mzima na anaheshimika, nitaanza naye.

Wa Athi River

Ndugu, kwa upande wa sheria. Huku Kenya sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake hali yoyote anayoamini ina hatari kubwa, na kifungu cha 8 kinamkataza mwajiri kumfukuza au kumbagua mtu kwa sababu tu alilalamikia jambo analoona si salama. Kazi ikiwa na watu 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama. Kwenu mna Sheria ya usalama na afya kazini namba 5 ya 2003 na OSHA, wakala wa serikali wanaoisimamia, nayo inawatambua wawakilishi wa usalama kama wewe. Barua yako ya uteuzi itunze vizuri, na ukimpelekea meneja jambo zito lipeleke kwa maandishi ubaki na nakala. Simaanishi ugombane naye. Maandishi yanamlinda hata yeye, yakionyesha alipoambiwa alichukua hatua.

Afisa Usalama Mstaafu

Nimesoma wote. Nijibu la ubao, maana naona limekwepwa.

Kuna hesabu maarufu ya Heinrich, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya bima. Mwaka 1931 aliandika kwamba nyuma ya kila jeraha kubwa 1 kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyoumiza mtu. Semina nyingi huanza nayo, na yawezekana meneja wako anaijua. Wataalamu waliofuata wamezipinga hizo namba, na mimi nakuomba usimbebeshe mtu kama sheria ya maumbile. Ukihesabu vidole vilivyokatwa hutajua lini lundo litaanguka, kwa kuwa chanzo chake ni kingine.

Mwulize meneja kama anaujua mkasa wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya BP kule Texas City, Marekani. Tarehe 23 Machi 2005 kililipuka, wakafa watu 15 na kujeruhiwa 180. Takwimu za majeraha ya kawaida zilikuwa nzuri pale, na wakubwa walizitegemea. Wakati huohuo mtambo ule ule ulishatoa mvuke unaoshika moto mara kadhaa miaka ya nyuma, na mengi ya matukio hayo hayakuchunguzwa ipasavyo. Kwa kuwa hakuna aliyeungua, hayakuingia kwenye hesabu waliyojivunia.

Kwa hiyo usimwombe auondoe ubao wake. Mwombe abadilishe kinachotolewa zawadi: unga na mafuta viende kwa zamu iliyorekebisha hatari nyingi zaidi mwezi ule, si kwa zamu iliyonyamaza. Na unapokwenda kwake beba hesabu ya lile lundo, magunia mangapi yalipasuka, pumba kiasi gani zilitupwa, lori lilisubiri kwa muda wa saa ngapi. Mlezi wa Familia yuko sahihi kwamba unaweza kuonekana mchongezi. Ukifika na hasara mkononi pamoja na dawa yake, ambayo ni kuhesabu chaga getini, hatakuona hivyo.

Lile la barua ya onyo lazima lisemwe pia, faraghani. Ombeni ifutwe kwenye jalada la yule kijana, na mumwambie mbele ya wenzake kwamba imefutwa. Bila hilo mengine yote yatakwenda kwa shida.

Msimamizi wa Zamu

Wakuu, mrejesho. Nimekaa na mnyapara, chaga mbovu zimekatwa, mlinzi wa geti sasa anaandika zinazotoka. Asubuhi ya kwanza hakuna aliyesema. Ya pili mnyapara mwenyewe akasema foklifti ndogo hailii ikirudi nyuma. Nimeikagua: waya wa king'ora umekatwa kwa koleo, umefungwa utepe vizuri kabisa. Wanasema kelele zake ndani ya ghala zinaumiza kichwa. Nalichukuaje bila kuharibu hatua tuliyofikia? Meneja nina miadi naye Ijumaa, la barua ya onyo nitalianza kwanza.

Fundi wa Kombora

Usimtafute aliyekata. Leo hii simamisha hiyo foklifti au weka mtu wa kuiongoza kila inaporudi nyuma, na waambie wote sababu. Ving'ora vipo vinavyojipunguza sauti kulingana na kelele za mahali, na ipo taa ya bluu inayomulika sakafuni nyuma ya foklifti, agiza vyote viwili. Halafu nunua rangi ya njano, chora njia ya watembea kwa miguu kutoka mlango wa malori mpaka choo, na ile sehemu wanayokaa kusubiri lori ihamishie nje ya mzunguko wa foklifti kabisa, wekeni benchi na kivuli. Mwache mnyapara achague wapi, anajua wanapopenda kukaa.